Harusi Nzima Kwenye Flash

Mwaka 2014 nilikuwa na studio Kasulu mjini, karibu na soko: chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ya pazia nilipiga picha za pasipoti, nyuma ya pazia nilikata harusi za watu. Kukata ndiko kuediti. Mpiga video analeta watu wakila na kucheza kutwa nzima, mimi natoa upuuzi na kubakiza heshima. Nilikuwa sijaolewa na nilikuwa na mdomo. Wanawake wa sokoni walipenda kusema kwamba binti anayeshinda na harusi za wenzake hataiona yake. Niliwajibu kwamba ukishawaona mabwana harusi wengi namna ile wakilishwa keki kwa karibu, hamu yenyewe inapungua.

Siku moja kondakta wa basi la Kibondo akaniletea bahasha yenye flash. Ilitoka kwa fundi wa video wa Kibondo, mtu mzima aliyenifundisha kushika kamera na ambaye hajaacha kunikumbusha hivyo mpaka leo. Umeme wao ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo na kuiunguza kompyuta yake. Alikuwa na harusi moja aliyoikata karibu kuimaliza, na wenyewe wanaihitaji. Akaniomba mimi niimalizie.

Nikachomeka flash, nikatazama, nikampigia simu.

"Shikamoo fundi. Flash nimeipata. Harusi iko wapi?"

"Marahaba. Si hiyo humo."

"Humu kuna faili moja, dogo kuliko picha ya pasipoti."

"Ndiyo hilo hilo, nililihamisha kabla kompyuta haijaungua. Harusi nzima. Nimeikata mwenyewe, na mioyo inayoruka nimeweka."

Nikamwambia hilo ni faili la projekti, ni maagizo matupu. Ukilifungua kama maandishi unakuta mistari tu: chukua klipu namba kumi na mbili, anzia hapa, ishia pale, andika jina la bibi harusi, weka mioyo. Picha yenyewe hamna hata moja, picha ziko kwenye diski ya nje alikozihifadhi. Ni sawa na mtu akuletee maelezo ya kupika mbuzi, umuulize mbuzi yuko wapi, akuonyeshe yale maelezo.

"Binti, nyie mmesoma mpaka mnaharibika. Mimi nilipokuwa nafungua hapa kwangu harusi ilionekana."

"Kwa sababu diski iko hapo kwako, fundi."

"Haya, nitaileta hiyo diski. Lakini uilinde, ina maisha yangu yote."

Kabla diski haijafika, alifika mwenye harusi, ameelekezwa na fundi. Alikuwa mama wa bibi harusi, mtu wa Kitahana kule Kibondo, amekuja na magongo mawili na mguu uliotoka kwenye plasta siku si nyingi. Alikaa kwenye stuli ya wapigwa picha za pasipoti, akakataa chai, kisha akaikubali, kisha akanieleza.

Binti yake, kitinda mimba, alikuwa akienda Manyovu kuchukua vitenge vya biashara, na huko akakutana na dereva wa lori. Wakapendana wenyewe. Wifi yake huyu mama, yaani shangazi wa binti, alikuwa na mchumba aliyemchagulia binti, mwalimu, mtu wa suruali yenye mikunjo ya pasi. Kwetu shangazi ana neno katika ndoa. Yeye ndiye hukaa na mwali, yeye ndiye humfunika kitenge kipya na kuketi naye mbele za watu. Huyu shangazi alipoona mwalimu wake amekataliwa, akasusa. Mama naye, siku chache kabla ya harusi, akateleza mtoni na mihogo kichwani akavunjika mguu, akalazwa hospitali. Harusi ikafanyika huko Manyovu kwa kina bwana harusi bila mama na bila shangazi, kisha maharusi wakahamia Mpanda.

"Sasa wifi yangu anazunguka Kitahana nzima," mama akasema. "Anasema hakuna ndoa iliyofungwa. Anasema mwanangu alipakiwa kwenye lori kama gunia. Kisimani wananiuliza kwa sauti ya pole. Mwanangu, wewe unajua sauti ya pole?"

Nilikuwa naijua. Ndiyo ile ile niliyosalimiwa nayo sokoni.

"Jumapili ijayo nimewaalika wote waje kuitazama hiyo harusi," akaendelea. "Na wifi nimemwalika. Nataka akae pale pale mbele. Nikishindwa kuwaonyesha, lisemwalo lipo. Nitazikwa nalo."

Kutazama harusi, kwa asiyejua, ni shughuli kamili. Watu wanapika, wanakodi turubai, wanavaa. Wapo wanaokosa harusi yenyewe kwa makusudi wakisubiri hiyo, kwa sababu kwenye televisheni mtu anaona kila sahani ilikuwa na nini.

Nikamfungulia lile faili nimwonyeshe tulipofika. Kioo kizima kilikuwa chekundu, maana programu hujaza rangi nyekundu kila mahali inapokosa picha. Kitu pekee kilichoonekana juu ya wekundu ule kilikuwa jina la binti yake kwa herufi kubwa za dhahabu. Mama akaligusa kwa kidole.

"Yeye mwenyewe yuko nyuma ya hii nyekundu?"

"Anakuja kwa basi, mama."

Akacheka, akachukua magongo yake. Nilimwambia akitaka arudi siku mbili kabla aione kwanza. Akakataa, akasema ataiona pamoja na watu, wifi akiwa ubavuni, ili wote wawili waanze sawa. Hapo nilimpenda yule mama moja kwa moja.

Diski ikaja, imeviringishwa kwenye kanga kuukuu na kufungwa kamba kama mtoto wa kuogopa baridi. Nikaifungua nikaanza kusoma majina ya mafolda. HARUSI MPYA. HARUSI MPYA 2. HARUSI MPYA KABISA. HARUSI MPYA YA MWISHO. UBARIKIO. MCHANGANYIKO. Yaani mtu mzima na mvi zake anahifadhi ndoa za watu hivyo. Nikampigia, simu yake imezimwa, umeme hakuna.

Kazi ya kwanza nilikuwa nimeimaliza kabla mama hajaja: kuligeuza faili lenyewe. Programu yake na yangu hazikuwa za ukoo mmoja, kila moja na lugha yake. Nilishinda mchana kutwa na modemu nikishusha kigeuzi, programu ndogo inayosoma maagizo ya huku na kuyaandika kwa lugha ya kule. Vitu vigumu huwa havivuki. Mikato ilivuka, majina yalivuka, mpangilio ulivuka. Mioyo inayoruka iliangukia njiani yote, na sikuilia.

Kazi ya pili, kuiambia programu picha ziko wapi. Nikafikiri kidogo. Harusi hii ni ya karibuni, basi ni mpya kabisa. Nikaielekeza kwenye HARUSI MPYA KABISA. Programu ikatafuta klipu namba moja, ikaipata. Namba mbili, ikaipata. Zote ikazipata, na wekundu wote ukatoweka, akatokea bibi harusi mnene mzuri anashuka kwenye gari jeupe. Nikapiga makofi peke yangu nyuma ya pazia.

Kisha nikaanza kuitazama, na hasira zikaanza kupanda. Ala, huyu fundi alikuwa amekataje? Hotuba ya mzee imekatwa katikati ya neno. Wanapolishana keki, yeye anaonyesha miguu ya meza. Palipoandikwa "Wazazi Wenye Furaha" yuko kijana anachokonoa meno. Penye "Kiapo" watu wanabeba masufuria. Nikamtukana yule mzee mkato kwa mkato. Nikasema uzee umemwingia machoni. Nikavunja kila kitu nikakata upya, nikasogeza kila jina mahali pake, nikafuta makelele ya upepo na kuweka muziki mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza ilikuwa harusi ya kumtoa mtu machozi. Bibi harusi yule nilimpendezesha mpaka nikamwonea wivu.

Mtanisema kwamba ningejua. Ningejuaje? Binti wa watu sikuwahi kumwona hata kwenye picha. Mikononi nilikuwa na jina tu.

Jumapili nikapanda basi na televisheni yangu, jenereta ndogo, laptopu, na ile diski na flash za fundi ili nimrudishie huko huko. Kitahana nikapokewa kama mganga. Ua lilikuwa limejaa chini ya turubai, mbuzi ameiva, ugali wa muhogo unasongwa, samaki wa migebuka wamepangwa kwenye ungo, pombe ya ndizi iko kivulini inasubiri wenyewe. Televisheni tukaiweka juu ya meza uani. Mimi nikawekwa ndani, nyuma ya dirisha, laptopu juu ya gunia la maharage, waya umepita dirishani. Jenereta likafungwa nyuma ya jiko ili lisiwashinde watu kwa kelele.

Mama alikaa katikati ya safu ya mbele, mguu ameunyoosha. Kulia kwake alikaa wifi. Nilitegemea kuona jimama lenye sura ya ugomvi, kumbe alikuwa mwanamke mwembamba, nadhifu, mkoba ameukumbatia kifuani. Akanisalimia vizuri tu. Halafu akaniuliza kama harusi zote ninazoonyesha huwa zimetokea kweli.

Nikabonyeza. Jina la binti likatokea kwa dhahabu, vigelegele vikapasua turubai. Mama alishika gongo lake kwa mikono miwili. Gari jeupe likasimama, mlango ukafunguliwa, bibi harusi mnene mzuri akashuka.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mimi ndani sikuelewa, nikafikiri sauti imekatika, nikaiongeza. Muziki wangu mtamu ukawamiminikia watu waliokaa kimya kama wako mahakamani.

Wifi akainamisha kichwa upande. "Kumbe akivaa shela anabadilika sura," akasema.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze pamoja na gunia la maharage. Mama aligeuka akanitazama dirishani, jicho moja tu, na katika jicho lile niliona kisima, na njia ya kwenda kisimani, na miaka yote ya pole iliyokuwa ikimsubiri. Kisha akawageukia watu, uso mkavu kama hakuna lililotokea.

"Huyo si wetu," akasema. "Siku ile kanisani walifunga wengi. Hawa wanaonyeshwa kwanza kwa heshima, maana ni wageni. Wetu wanafuata. Na chakula kiko tayari, tusikiache kipoe."

Bibi mmoja mzee wa safu ya pili akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Mbona huyu bwana harusi namjua? Tayari ana mtoto anayekimbia."

"Mpeni bibi nyama," mama akasema. "Mpeni na supu."

Nikazima televisheni. Watu wakanawa, na mwenye njaa hana miiko, hata umbea huwa unasubiri mbuzi. Mimi nilikuwa najiuliza kama dirisha la nyuma linanitosha, nikasikia mtu ananiita kwa kunong'ona. Alikuwa fundi wa Kibondo, amekuja kula matunda ya kazi yake, sahani tayari anayo mkononi.

"Binti, hawa ni watu wa Murungu."

"Wa Murungu wamefikaje Kitahana?"

"Hilo nikuulize wewe uliyesoma."

Tukagombana kwa kunong'ona, yeye anatafuna. Ikajulikana hivi. Kila alipomaliza harusi alikuwa akiisafisha kadi ya kamera, na kadi ikisafishwa kamera inaanza kuhesabu upya tangu moja. Kwa hiyo kila ndoa kwenye diski ile ilikuwa na klipu yake namba moja, na mbili, na kumi na mbili. Programu haijui sura ya mtu, inajua namba. Iliambiwa itafute kumi na mbili, ikaleta kumi na mbili ya Murungu, ikatulia. Ndiyo maana mikato yake nilikuta inaonyesha masufuria na miguu ya meza. Yeye aliwakatia watu wa Manyovu, mimi nikawavisha watu wa Murungu nguo ile ile, halafu nikashinda siku tatu naishona iwatoshe.

"Ndiyo nikasema nimekata vizuri," akasema kwa raha. "Uliniteta?"

"Sana. Harusi hii iko folda gani?"

"MCHANGANYIKO."

"Harusi ya mtu unaiitaje mchanganyiko, fundi?"

"Mle kulikuwa na mbuzi wangu pia. Nilikuwa namuuza, nikampiga video."

Kazi yangu yote ya siku tatu ikawa haina maana, maana ilikuwa imeshonwa kwa watu wa Murungu. Ilibidi nirudi kwenye lile faili la mwanzo la kwenye flash, lilivyotoka mikononi mwake, niligeuze upya, kisha nilielekeze mahali sahihi. Nje watu walikuwa wanamalizia ugali. Mama aliwaona wanataka kunawa, akaagiza migebuka. Wakaimaliza migebuka, akaagiza ndizi. Baadaye nikamsikia akimwomba mzee mmoja wa kanisa aombee chakula, chakula kilichokwisha kuliwa, na mzee akaomba kwa kirefu. Fundi alinishikia taa ya simu ingawa mchana ulikuwa mweupe. Nilikuwa naogopa kweli. Kama fundi naye alikuwa amekosea folda, yule mama angezikwa nalo kama alivyosema, na mimi ndiye ningekuwa nimemchimbia.

Klipu namba moja ikafunguka. Mbuzi.

Nikamtazama fundi. "Vumilia," akasema.

Klipu namba mbili ikafunguka, binti mwembamba amesimama mlangoni na shela, anacheka na mtu asiyeonekana. Nikageuza laptopu ili mama aone kupitia dirishani, akiwa amekaa pale pale kwenye kiti chake. Alifunga macho, akayafungua, akaninyooshea mkono wa kuniambia endelea.

Muda wa kupamba haukuwepo. Niliionyesha hivyo hivyo moja kwa moja kutoka kwenye programu, bila muziki wangu, bila mioyo ya fundi, na upepo wote na kelele zote za watu. Vigelegele vilirudi mara mbili ya vile vya kwanza. Walimwona akishuka kwenye lori lililopambwa majani, na kweli lilikuwa lori, watu wakacheka, mama akacheka zaidi ya wote. Walimwona kanisani, wakasikia kiapo kwa sauti yake mwenyewe. Padri akasema jina lake na la baba yake marehemu. Bibi wa safu ya pili akasema huyu sasa ndiye. Nilimchungulia wifi. Alikuwa amekaa wima na mkoba wake, midomo ameibana, kama mtu aliyeshindwa kesi na anatafuta pa kukatia rufaa.

Ikafika sherehe ukumbini. Hapo palikuwa na kipande kirefu kisichokatwa, kamera imesimama yenyewe inatazama meza ya maharusi. Fundi akaninong'oneza kwamba wakati huo alikuwa anakula, aliiacha kwenye miguu yake mitatu ikae macho. Maharusi wameketi. Pembeni ya bibi harusi kuna kiti kitupu. Mshereheshaji anaita kwenye spika, "Shangazi wa bibi harusi yuko wapi? Shangazi aje akae na mwali wake." Hakuna anayejitokeza. Mama mmoja mnene, wa kamati bila shaka, anasogea akae yeye. Binti anaweka mkono juu ya kiti.

"Hapana," anasema, na inasikika vizuri. "Shangazi yangu yuko njiani. Msikikalie."

Kisha anatoa kitenge kipya alichopaswa kufunikwa, anakitandaza juu ya kile kiti, anakinyoosha kingo. Chakula kinaletwa, anachukua sahani ya kwanza na kuiweka mbele ya kiti, ndipo anapokea yake. Watu wanapita kutoa mkono wa heri, wanaona kiti, wengine wanakiinamia kidogo kama kina mtu. Fundi alivyokuwa anakula taratibu, ilichukua muda.

Uani hakuna aliyepiga kigelegele. Hakuna aliyemgeukia wifi pia, nao hawakuhitaji kumgeukia.

Sherehe ilipoisha na watu kurudia pombe, wifi akaja dirishani kwangu. Nilijiandaa kwa matusi, na yangu nilikuwa nayo tayari.

"Binti, rudisha pale," akasema.

Nikarudisha. Akatazama kwenye laptopu, karibu sana, mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Mama alikuwa amejikokota na magongo yake akasimama nyuma yake.

"Wewe si unaweka watu maua?" wifi akauliza. "Unaandika majina yanatembea. Nasikia mnaweza kumtoa mtu Kasulu mkamweka mnarani Ulaya."

"Naweza, shangazi."

"Basi niweke pale nikae."

Nikamwambia pole pole kwamba kwenye picha ya mgando ningejaribu, lakini hapa watu wanatembea, binti anageuka, anaongea, siwezi kumkalisha mtu ambaye hakuwepo. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akafungua mkoba, akaufunga.

"Basi kitoe kiti," akasema. "Wataangalia watoto wetu. Wajukuu wataangalia. Nitaonekana nimekosa milele. Kitoe."

Hilo nililiweza. Nikamtazama mama, maana harusi ilikuwa yake, na alikuwa na haki ya kukataa mbele ya Kitahana nzima.

"Kitoe, mwanangu," mama akasema. "Wifi yangu asilale na kiti."

Nikakata mbele ya macho yao. Mshereheshaji akaanza kuita, kisha mara watu wakawa wanacheza. Wifi akaniomba nirudie aone kama kimekwenda kweli. Nikarudia. Akanishukuru, akamshika mama mkono, akaenda kusaidia kukusanya sahani.

Jioni nilipokuwa nafunga jenereta kwenye pikipiki ya kunifikisha kwenye basi, mama akanifuata mpaka njiani, gongo moja tu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kile kipande ulichokata umekitupa wapi?"

"Sijakitupa, mama. Nimekata maagizo tu, picha iko kwenye diski kama ilivyokuwa, na diski narudi nayo kwanza nitoe DVD za watu. Kukirudisha ni kubonyeza."

Akageuka kutazama uani, ambako wifi yake alikuwa ameinama kwenye karai, anasugua sufuria la mbuzi kwa majivu.

"DVD za watu wote kata," akasema. "Ya kwangu kiache. Wifi yangu namjua, mwezi hautaisha hajanichokoza. Nitakuwa nakitazama kwanza, hasira zishuke, ndipo niweze kumpikia."